Giza Lilianzia Namba Sitini na Tano

Kobe aliziona picha zile kwa mara ya kwanza saa tatu na dakika tano asubuhi, zimetandazwa juu ya meza ya mikutano kama karata, na maneno yake ya kwanza yalimwudhi mtu.

"Huyu nani? Na huyu? Halafu huyu hapa... huyu ni mtu au ni koti limetundikwa?"

"Huyo ni mimi," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Aligeuka. Mwanamke wa makamo, sare yake ya kaki imepigwa pasi ikanyooka, alikuwa amesimama mikono kiunoni akisubiri kuombwa radhi. Kobe akaomba radhi. Hilo peke yake ndilo alilolifanya haraka maishani. Mengine yote aliyafanya taratibu, ndiyo maana jina la Kobe alilobandikwa chuo cha polisi lilimfuata miaka thelathini kazini, likastaafu naye, na sasa lilikuwa limeandikwa hata kwenye mlango wa ofisi yake ya upelelezi.

"Mimi ni katibu wa wafanyakazi," alisema yule mama. "Natoka idara ya kufungasha. Na kabla hujafungua hilo daftari lako, nataka uelewe jambo moja. Hiki ni kiwanda cha sabuni. Sabuni, baba! Halafu kwenye vitambulisho vipya sisi ndio tumetoka kama watu wasionawa tangu wazaliwe."

Meneja, mtu wa tumbo na tabasamu, alikohoa upande wa pili wa meza.

"Na yeye je?" Katibu akamnyooshea kidole. "Hebu mtazame yeye!"

Kobe aliitafuta picha ya meneja, akaipata bila shida, kwa kuwa ilikuwa inawaka katikati ya wenzake. Ilikuwa picha nzuri, tena nzuri sana. Ungeweza kuhesabu nyusi zake moja moja.

"Nimetoka vizuri, sasa nifanyeje?" alisema meneja, kwa haya ya kweli kabisa. "Sikumtuma mtu, jamani."

"Hukumtuma, ila umependelewa. Na ofisi yako yote imependelewa. Wakubwa wang'ae, sisi wa mashineni tuwe vivuli! Yule binti mpiga picha anatafuta ajira ya kudumu kwa kuwapaka mafuta ninyi na masizi sisi."

Kobe akaandika. Vitambulisho vilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Namba moja hadi sitini na nne, yaani watu wa ofisi, maabara na mauzo, walipigwa picha Jumatatu, na wote walionekana vizuri. Kuanzia namba sitini na tano, watu wa mitambo na wa kufungasha, walipigwa Jumanne, na hapo giza likaingia. Jumatano picha zilichapishwa. Leo Alhamisi kiwanda kizima kilikuwa kinanong'ona.

"Saa sita kamili tunakutana bwaloni," alimalizia Katibu. "Nikisikia maelezo yanayoingia akilini, sawa. Nisipoyasikia, huyo binti aondoke leo hii, au mashine za kufungasha zitajiendesha zenyewe."

Meneja alisubiri mpaka viatu vya yule mama vikatoweka kwenye korido. Kisha akavuta droo, akatoa karatasi moja. Ilikuwa barua ya ajira ya mpiga picha. Alikuwa amemaliza miezi mitatu ya majaribio, na kilichobaki kilikuwa sahihi tu.

"Nilikuwa niitie sahihi jana," alisema. "Binti mwenyewe mchapakazi, mimi nampenda. Lakini siwezi kupigana na idara ya kufungasha nzima. Nitafutie jibu, mzee mwenzangu. Jibu lolote la kweli."

"Nipe chumba chake, kamera yake, kompyuta yake, na yeye mwenyewe," alisema Kobe. "Na chai, kama ipo."

Hakumwambia kwamba huyo binti ni mdogo wa mke wake. Wala hakumwambia kwamba asubuhi ile, kabla hajavaa hata soksi, mke wake alikuwa amemwonya: "Mdogo wangu akifukuzwa kazi leo, usinipigie simu." Naye akajibu, "Tunakaa nyumba moja, nikupigie simu ya nini?" Mke wake hakucheka.

* * *

Chumba cha picha kilikuwa zamani stoo ya lebo, na mpaka leo kilinukia sabuni ya limau. Kilikuwa na ukuta mmoja mweupe, pazia zito dirishani, taa kubwa juu ya mlingoti, na kamera juu ya stendi ya miguu mitatu. Sakafuni kulikuwa na utepe mwekundu wa kuonyesha mtu asimame wapi. Mpiga picha alikuwa ameketi nyuma ya kompyuta, macho mekundu.

"Shem," alisema alipomwona Kobe. "Wananiita mpaka mafuta wa wakubwa. Mimi! Jana nimepita bwaloni, meza nzima ikanyamaza. Nimezoea kuchekwa, hilo nalibeba. Ile kunyamaziwa ndiyo imenimaliza."

"Utalia ukishafukuzwa, shem. Sasa hivi bado umeajiriwa, kwa hiyo fanya kazi." Alivuta kiti. "Picha zote umepiga wewe?"

"Zote."

"Picha mia na zaidi za giza, na hukuona?"

"Kila moja niliitazama kwenye kioo cha kamera! Zilikuwa nzuri, shem, naapa. Nimekuja kushangaa jana zilipotoka kwenye mashine ya kuchapa. Nimejaribu kuzing'arisha kwenye kompyuta, zinakuwa chenga tupu, utadhani mtu amemwagiwa mchanga usoni."

Kobe alimwomba afungue picha moja ya Jumanne kwenye kompyuta, kisha aifungue hiyohiyo kwenye kamera na kuivuta mpaka uso ujae kioo. Akaishika kamera kando ya kompyuta, akazitazama zote mbili kwa zamu, taratibu, mpaka mpiga picha akaanza kugonga kalamu mezani. Kwenye kompyuta mtu alikuwa kivuli. Kwenye kamera ilikuwa sura nzima na mashavu yake.

"Mashahidi wawili, maelezo mawili," alisema Kobe. "Mmoja anadanganya. Hiki kioo cha kamera kina mahali pa kuongeza mwanga wake, kama simu?"

Mpiga picha alifungua mipangilio, akabonyeza mara tatu. Kisha akafumba macho.

"Kiko juu mpaka mwisho," alisema kwa sauti ndogo. "Jumamosi nilikwenda kupiga mechi uwanjani. Jua lilikuwa kali, sioni kitu, nikaongeza. Sikurudisha."

"Kirudishe."

Alikirudisha, na mashavu ya yule mtu yakazama gizani.

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Kosa la kutoona ni lako, hilo siwezi kukufichia. Lakini giza lenyewe bado halina mwenyewe. Kioo kimekuficha tu, hakikulileta. Usinisaidie kukufukuza, bwana, wapo wanaoifanya kazi hiyo."

Akafungua ukurasa mpya wa daftari. Kilichofuata kilichukua karibu saa nzima. Mpiga picha alimweleza kwamba kila picha hubeba kumbukumbu zake ndani: saa iliyopigwa, jicho la kamera lilifunguka upana gani, na lilikaa wazi muda gani. Kobe alitaka kuziona zote, moja baada ya nyingine. Kulikuwa na kifundo cha kuiamuru kamera ipige giza kwa makusudi. Alikiuliza kwanza, maana kama kuna mhalifu, silaha yake ingekuwa hiyo. Kumbukumbu zilionyesha sifuri Jumatatu na sifuri Jumanne, kwa hiyo hakikuwa kimeguswa. Taa ilikuwa ileile, pazia limefungwa siku zote mbili, na lenzi haina hata alama ya kidole.

"Na hii?" Kobe aliweka kalamu juu ya mstari mmoja. "Jumatatu imeandikwa sitini. Jumanne imeandikwa mia mbili na hamsini."

"Huo ni muda wa jicho kukaa wazi. Jumatatu lilikaa wazi sehemu moja ya sitini ya sekunde. Jumanne, sehemu moja ya mia mbili na hamsini. Yaani limefumba upesi mara nne zaidi."

"Likifumba upesi, mwanga kidogo unaingia."

"Na picha inakuwa giza, ndiyo. Lakini sikuliamuru mimi. Nimeiachia kamera ijipimie yenyewe, kwa sababu watu ni wengi na foleni ndefu."

"Kamera inafumba jicho upesi ikiona nini?"

"Ikiona mwanga mwingi."

Kobe alikunywa chai iliyokwisha kupoa. "Sasa shem, mwanga mwingi iliuona wapi, na watu wako wote wako gizani?"

Kobe akautazama ukuta. "Huo weupe wa ukuta je?"

"Huo nilishaumaliza Jumatatu asubuhi," alijibu haraka, kwa fahari kidogo, ya kwanza siku ile. "Picha ya majaribio ilitoka giza kwa ajili ya ukuta. Kamera ikiona weupe mwingi inababaika. Nikaiambia isitazame ukuta, ipime mwanga wa kiduara kidogo cha katikati tu. Ikatulia, nikaanza hesabu ya picha upya kutoka moja. Weupe si tatizo tena, shem, tafuta kingine."

Kobe aliandika alivyoambiwa. Saa ilikuwa nne na nusu. Akarudi kwenye orodha ya picha, akaipitisha kidole kutoka juu kwenda chini, na kidole kikasimama.

"Picha ya mwisho ya Jumatatu ni ya ngapi?"

"Ya sitini na nne."

"Na ya kwanza ya Jumanne?"

"Sitini na ta..." Akasogea karibu. "Sabini na nne? Mbona imeruka?"

"Picha tisa zilipigwa kati ya hapo, zikafutwa. Wewe hukuzipiga?"

"Sikuzipiga!"

"Ufunguo wa chumba hiki anashika nani jioni?"

Walitazamana. Karani wa utumishi. Na karani huyo alikuwa na binamu yake ambaye miezi mitatu iliyopita aliiomba kazi hiihii ya kupiga picha, akaikosa.

* * *

Karani alikuja na harufu ya manukato mbele yake na kitana mfukoni. Alikuwa mwembamba, suruali yake imenyooka, na alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Kaka, namba za picha zimeruka tisa," alianza Kobe, kwa upole.

"Labda kamera imekosea kuhesabu."

"Kamera haikosei kuhesabu. Haina kazi nyingine ya kuichanganya. Jumatatu jioni ufunguo ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu. Lakini ufunguo kuwa kwangu si..."

"Na binamu yako hajambo? Bado anatafuta kazi?"

Karani aliruka kama aliyekalia msumari. "Hapana! Mzee, usinipeleke huko. Binamu yangu ameshapata kazi nyingine, yuko salama, ananenepa. Mimi siwezi kumfanyia binti wa watu ubaya huo!"

"Basi niambie ulichofanya, nisije nikakuwazia kikubwa zaidi."

Karani alimtazama mpiga picha, akautazama mlango, akatazama viatu vyake.

"Kuna familia moja," alisema hatimaye. "Nimepeleka barua ya posa. Wakasema wanaomba picha ya bwana. Nikajipiga kwa simu, ikanitoa pua tupu. Pua, mzee, halafu mtu mwenyewe nyuma yake. Nikasema, humu ndani kuna kamera na taa ya maana..."

Mpiga picha alishika mdomo. Kicheko kilimtoka kupitia vidole, na kilipotoka hakikuzuilika. Alicheka mpaka akaegemea meza.

"Mara tisa?" aliuliza Kobe.

"Nilitaka ile yenye heshima. Kisha nikazihamisha, nikafuta."

"Zipo wapi?"

Karani alichomoa kijiti cha kumbukumbu kwenye mkufu wa funguo zake. Moja, mbili, mpaka tisa zikafunguka kwenye kompyuta: karani amekunja mikono, karani ameshika kidevu, karani anatazama mbali kama waziri. Kobe hakucheka, ingawa ilimgharimu. Alikuwa anatazama mwanga. Picha zote tisa ziling'aa.

"Soma kumbukumbu, shem."

"Jumatatu, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Sehemu moja ya sitini ya sekunde. Zote." Mpiga picha aliacha kucheka. "Kamera ilikuwa nzima, shem. Baada ya watu wangu wote wa Jumatatu, bado ilikuwa nzima."

"Na ulipomaliza uligusa nini kingine?" Kobe alimwuliza karani. "Kifundo? Taa? Stendi?"

"Sikugusa kitu! Nilibonyeza ile ya kujipiga mwenyewe, nikakimbilia kwenye utepe, basi. Hata namba sikushika."

Kobe aliinua kichwa.

"Namba gani?"

"Namba. Ile kila mtu anayoishika kifuani, ili ofisini tujue sura ni ya nani."

Kobe alichomoa mfukoni picha alizochukua kule mezani, zimefungwa kwa mpira. Zilikuwa sura tupu, kuanzia nywele hadi kidevu. "Mbona hapa sioni namba yoyote?"

"Kompyuta inakata," alisema mpiga picha. "Kitambulisho kinataka uso tu."

"Yaani tangu saa tatu unanionyesha vichwa? Miili yao iko wapi?"

"Hujaniuliza, shem!"

"Nifungulie picha nzima. Ya kwanza ya Jumanne."

Ilifunguka. Fundi wa mitambo, giza usoni, ameshika ubao kifuani kwa mikono miwili, namba sitini na tano imeandikwa kwa kalamu nene. Kobe alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Huu ubao ni wa rangi gani?"

"Kijivu," alisema mpiga picha.

"Mweupe," alisema karani papo hapo. "Mweupe pe! Nimeutoa mwenyewe chumba cha mikutano Jumanne asubuhi."

Kobe aliegemea kiti. Aliwaacha wasikilizane wenyewe.

"Hapa ni kijivu," mpiga picha alirudia, taratibu.

"Na Jumatatu walishika huohuo?" aliuliza Kobe.

"Hapana," alisema karani. "Jumatatu walishika kipande cha boksi la sabuni. Yale ya kahawia."

"Fungua ya meneja," alisema Kobe.

Meneja alisimama amejaa nuru, suti ya kijivu, mikono nyuma. Hakuwa na ubao. Mpiga picha alikumbuka: bosi hakuwapo Jumatatu, akapigwa Jumanne, na ubao alikuwa amekataa kuushika, akasema hawezi kushika namba kama mtu aliyekamatwa. Jumanne nzima kulikuwa na picha mbili nyingine tu zilizotoka vizuri, na Katibu alikuwa ameziita bahati. Wakazifungua. Ya kwanza ilikuwa ya mlinzi mwenye gongo: mkono mmoja umeshika gongo, mwingine umeuning'iniza ubao chini kwenye paja. Ya pili ilikuwa ya mama wa kufungasha ambaye alikuwa amembeba mtoto ndani ya blanketi la kijani, na ubao ulishikwa pembeni na mwenzake.

"Shem," alisema Kobe. "Kile kiduara chako cha katikati. Kwenye picha ya fundi, kinaangukia wapi?"

Mpiga picha aliweka kidole kwenye kioo, katikati kabisa. Kidole kilitua juu ya ubao.

"Mama yangu mzazi!" alisema, akasimama, kiti kikaanguka. "Nimeiambia isitazame ukuta mweupe, halafu nimeiwekea ubao mweupe puani! Kamera haijui kitu cheupe, shem. Kila inachokipima inadhani ni cha rangi ya wastani. Boksi la kahawia ni la wastani, ikapatia. Ubao ukaipigia mng'ao wa taa, ikasema mwanga umezidi, ikafumba jicho upesi. Ubao ukawa kijivu, na watu wote wakazama nao!"

"Na asiyeushika kifuani akapona," alimalizia Kobe. "Meneja, mlinzi, mtoto na mama yake. Na huyu bwana harusi wetu."

Mpiga picha alimkumbatia karani, karani akasahau nywele zake. Kisha Kobe akauliza swali la mwisho, na furaha ikapungua chumbani.

"Ni nani aliyeyakataa maboksi?"

Karani alijikuna shingo. "Jumatatu jioni alikuja mtu akawaona wa ofisini wakishika maboksi. Akasema wa kwake hawatasimama na maboksi kifuani kama mizigo ya kupakiwa kwenye lori, watafutiwe kitu cha heshima. Nikaona ana haki." Akashusha sauti. "Alikuwa Katibu."

* * *

Bwalo lilijaa kabla ya saa sita. Kobe aliomba vitu vinne tu: kamera na taa yake, utepe mwekundu sakafuni, kitambaa cha kahawia nyuma ya utepe, na projekta ya kurusha picha ukutani. Mpiga picha alisimama nyuma ya stendi.

"Mimi si msemaji," Kobe aliwaambia watu. "Meneja, njoo usimame hapa."

Meneja alisimama, mikono nyuma. Kamera ikabofya. Sura yake ikajaa ukutani, inang'aa.

"Si ndiyo hayo tunayosema!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na mguno ukapita meza hadi meza. Katibu, mstari wa mbele, alikunja mikono.

"Kamera haijaguswa," alisema Kobe. "Taa haijaguswa. Sasa shika huu, mzee." Akampa ule ubao mweupe, namba mia moja na arobaini imeandikwa.

Meneja aliusogeza mbali. "Ah, hapana, hii inanifanya kama niliyekamatwa..."

"Nimekamata watu miaka thelathini. Wewe huna hata dalili. Shika."

Bwalo lilicheka kidogo. Meneja akashika. Kamera ikabofya, na ukutani kikatokea kivuli chenye tumbo.

Kisha mtu wa mitambo akaita, "Bosi, umepotelea wapi?" na bwalo zima likalipuka. Watu waligonga meza. Meneja aligeuka, akajiona alivyozama, akacheka kuliko wote mpaka akatoa leso.

"Ndiyo hivyo tu," alisema Kobe kelele zilipopungua. "Kamera ilikuwa inapima mwanga wa ubao badala ya mwanga wa mtu. Anayeushika anazama, awe meneja au nani. Mlinzi wa gongo hakuushika kifuani, akatoka vizuri. Mama wa mtoto hakuushika, akatoka vizuri. Binti huyu hakumpendelea mtu. Kosa lake ni kwamba hakuona mapema, na hilo amenikubalia mwenyewe kabla sijamwuliza mara mbili."

Alikuwa amekusudia kuishia hapo. Kuhusu aliyeleta ubao hakusema, wala hakumtazama mtu. Lakini Katibu alikuwa ameshasimama.

"Huo ubao," alisema. "Ulitoka kwangu."

Alisema bila kuinamisha kichwa. "Niliyakataa maboksi mimi. Nilitaka watu wangu waonekane kama watu. Na siku mbili hizi nimezunguka kila idara nikimchafua mtoto wa mwenzangu." Akamgeukia mpiga picha. "Mwanangu, nilikusema vibaya mbele za watu. Nakuomba radhi mbele ya watu haohao."

Mpiga picha aliitikia kwa kichwa, machozi yakimshuka. Makofi yalianzia meza ya kufungasha.

Meneja alikuwa ameshaichomoa barua mfukoni mwa koti. Aliitandika juu ya meza ya bwalo, akatia sahihi kwa mbwembwe, akaipunga hewani. "Haya, binti! Kuanzia leo ni mwenzetu. Njoo uichukue!"

Mpiga picha hakutoka pale alipokuwa. Alifuta macho kwa mkono wa sare, akainamia kamera, akazungusha vifundo viwili.

"Iweke hapo mezani, mzee, nitaichukua," alisema. "Kamera nimeinyang'anya madaraka ya kujipimia. Kasi nimeifunga mwenyewe, sehemu moja ya sitini, mtu ashike ubao, boksi au sufuria. Nina watu mia moja na arobaini na tano wa kupiga kabla ya saa kumi. Wa kwanza nani?"

Katibu alishika ubao uleule mweupe, akafuta namba ya meneja kwa kiganja, akaandika yake. Akasimama kwenye utepe, kidevu juu.

"Mimi," alisema. "Na nipige vizuri. Nionekane mpaka chunusi."

Kamera ikabofya. Sura ya Katibu ikajaa ukuta mzima, kila mkunjo na kila nyusi mahali pake, na idara nzima ya kufungasha ikasimama kuitazama.